Mtoto wa Ishirini na Sita

Januari ya mwaka huu niliinua mkono kwenye kikao cha kamati, na mpaka leo sijatulia. Wenzangu walinipongeza. Nilirudi nyumbani na ile raha ya mtu aliyetenda wema, nikalala vizuri. Miezi minne baadaye ndipo nilipoanza kujiuliza kama ule ulikuwa wema kweli, au nilijinunulia raha yangu kwa mali ya watoto wa watu.

Ngoja nianze mwanzo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya chekechea moja ya hisani huku kwetu Mombasa. Jina lake naliacha. Ilianzia barazani kwa mama mmoja, akina mama watano wakikusanya watoto wa majirani ili wenye vibarua wapate kwenda kazini. Mkeka mmoja, sufuria moja ya uji, ubao wa kuokota. Baadaye mtu mmoja akatoa kiwanja, wengine wakatoa mabati, mwingine akatoa saruji. Leo kuna vyumba viwili, choo chenye milango mifupi ya kimo cha watoto, na mkungu mkubwa uani unaotoa kivuli. Wazazi hutoa pesa kidogo ya uji. Mishahara ya walimu wawili hutoka kwa wahisani. Na tangu vyumba vile vijengwe, mwalimu mkuu, mama wa makamo aliyesomea malezi ya watoto wadogo, ameandika kwa rangi juu ya kila mlango: watoto 25.

Nilikuwa nikiipita ile namba bila kuitazama, kama mtu anavyopita tangazo la zamani.

Sasa, Januari walioletwa kuandikishwa darasa la chini walikuwa 41. Kila mwaka huwa wanazidi, lakini si hivyo. Tena mwaka huu mfadhili mmoja alikuwa ameshasema kwamba atabeba gharama za mwaka mzima, mradi tu aone idadi inakua. Mwenyekiti akauliza, "Hawa kumi na sita tutawaambia nini wazazi wao?" Mwalimu akajibu, "Tuwaambie kweli. Nikipokea arobaini na mmoja, sitafundisha tena. Nitachunga." Mzee mmoja akasema kuchunga nako ni kazi, watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

Wa 26 kwenye orodha alikuwa mjukuu wa jirani yangu, mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi kwenye pembe ya njia yetu. Mamake mtoto yuko Arabuni kwa kazi za nyumbani. Mtoto ana miaka minne, mkimya, ana tabia ya kushika kona ya leso ya nyanyake. Nilipolisoma jina lake nilimwona mbele yangu. Nikainua mkono. Tulioinua tulikuwa sita. Mwalimu peke yake aliuacha wake mezani.

Mwezi wa tano nilikwenda pale asubuhi kupeleka risiti. Nikakuta ni saa ya hadithi. Nyinyi msomao hapa mnajua saa ile, maana wengi wetu tulianzia huko: Paukwa! Pakawa! Mimi tangu utotoni naamini kwamba msomaji hazaliwi siku anapojua herufi. Anazaliwa siku anapoulizwa, "Na wewe ungekuwa sungura, ungefanyaje?" na mtu mzima akanyamaza kumsubiri ajibu.

Mwaka uliotangulia nilimwona Mwalimu akifanya hivyohivyo. Angesimamisha hadithi pale fisi alipofika mlangoni, akamgeukia mtoto mmoja kwa jina lake, akamuuliza, halafu akangoja. Mtoto angezungushazungusha macho, angevuta shati, mwishowe angesema jambo la ajabu kabisa, na hadithi ingegeuka ikafuata njia ya yule mtoto. Siku hiyo ya mwezi wa tano aliita "Paukwa!" na sauti arobaini na moja zikarudi kama mvua kwenye mabati. Akasimulia. Akafika kwa fisi. Hakumuuliza mtu. Akaendelea moja kwa moja hadi mwisho, jicho lake moja kwenye mlango, jingine kwa wawili waliokuwa wakipigana nyuma.

Baadaye, wakipanga mstari wa uji, alimwita mjukuu wa jirani yangu: "Wewe, wa shati la kijani, sogea." Mwezi wa tano! Alikuwa hajalishika jina lake. Aliponiona nimesikia, uso wake ulishuka, na mimi ndiye niliyepaswa kushusha wangu.

Nilifika nyumbani nikapiga hesabu nyuma ya ile risiti. Asubuhi ya chekechea ni saa tatu. Toa saa moja ya uji, choo, kunawa na kupanga mistari. Zinabaki dakika 120. Gawa kwa watoto 25, kila mmoja ana karibu dakika tano za mwalimu kwa siku. Gawa kwa 41, hazifiki tatu. Na hapo umechukulia kwamba hakuna anayelia, hakuna aliyejikojolea, hakuna mgeni wa kamati aliyeleta risiti. Kwa hiyo tulipowaingiza wale kumi na sita, hatukuwapa kitu kutoka mifukoni mwetu. Tulichukua karibu dakika mbili kila siku kutoka kwa kila mmoja wa wale ishirini na watano, tukazigawa, kisha tukapigiwa makofi kwa ukarimu.

Jioni nilikwenda kwa jirani yangu. Nilitaka kumwomba radhi, ingawa sikujua nitaanzia wapi. Nikamwambia darasa limejaa kupita kiasi, mtoto hapati haki yake, labda tulikosea. Akanitazama kama anayesikiliza lugha ya kigeni.

"Mwanangu," akasema, "mie naamka saa tisa za usiku. Karai la mafuta liko hapa, yeye alikuwa analala hapa." Akanionyesha kwa kiganja: nafasi ya hatua moja. "Mwaka jana alijiviringisha usingizini, mguu ukagonga figa. Mola alimnusuru. Sasa hivi saa moja na nusu nampeleka pale, nakaanga na kuuza moyo wangu umetulia. Jina lake walijue wasilijue, hapo ndo pema kuliko hapa. Au sivyo?"

Ndivyo. Sikuwa na la kumjibu.

Basi hapo ndipo lilipo swali langu, na ningependa tulifikirie pamoja bila haraka. Mwalimu anasema ukijaza darasa umeua chekechea. Nyanya anasema ukifunga mlango umemrudisha mtoto kwenye karai. Wote wawili wanasema kweli. Je, chekechea ya hisani inawiwa nini na mtoto: nafasi, au nafasi nzuri?

Nimekuwa nikisoma tangu siku ile. Niligundua kwamba swali hili ni la zamani, na kwamba shule za watoto maskini zimeanzishwa kwa sababu za kila aina, nyingine za aibu kidogo.

Tazama ile maarufu kuliko zote. Tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa San Lorenzo mjini Rome, Maria Montessori, aliyekuwa daktari, alifungua nyumba ya watoto ndani ya jengo la wapangaji maskini. Kwa nini pale? Kampuni moja ilikuwa imekarabati majengo yale, na wazazi walipokwenda kazini watoto walibaki wakichafua kuta na ngazi. Wenye majengo wakaona itakuwa rahisi kuwakusanya watoto chumba kimoja kuliko kupaka rangi kila mara. Yaani moja ya mapinduzi makubwa ya malezi duniani ilianza kwa kulinda chokaa! Aliyewekwa kuwaangalia hakuwa amesomea ualimu. Na watoto walikuwa kama hamsini.

Hii hamsini ilinifurahisha, nakiri. Nikamletea mwenyekiti habari kama wakili aliyepata ushahidi: kumbe inawezekana! Lakini niliposoma mbele nikaona kilichotokea mle chumbani. Montessori alikaa akawatazama watoto. Vifaa vilikuwa kabatini, mwenye ufunguo ni mwalimu. Inasimuliwa kwamba siku moja kabati lilisahauliwa wazi, na watoto wakajichukulia wenyewe kila mmoja kazi anayoitaka, wakatulia nayo. Mtu mwingine angewachapa kwa wizi. Yeye aliona kwamba wanajua wanachokitaka, akaagiza makabati mafupi wanayoyafikia, na viti vidogo wanavyoweza kuvibeba wenyewe. Chumba kikaanza kufanya sehemu ya kazi ya mwalimu. Sisi tulichukua idadi ya San Lorenzo bila kuchukua makabati yake. Watoto wetu 41 walikuwa wakisubiri mtu mmoja awape kila kitu, hata kipande cha chaki.

Miaka saba baadaye, 1914, dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua shule ya watoto wadogo ya hewa wazi huko Deptford, kusini-mashariki mwa London. Mtaa ule ulikuwa wa umaskini mkubwa: watoto wenye matege, wenye ngozi zilizojaa vidonda, walioishi familia nzima katika chumba kimoja kisicho na jua. Wale dada waliwapa bustani, maji ya kuoga, chakula na usingizi wa mchana. Rachel alifariki mwaka 1917, Margaret akaendelea. Jambo alilolishikilia hadi uzeeni, mpaka chuo cha walimu chenye jina la dada yake kikafunguliwa mwaka 1930, ni kwamba anayefundisha mtoto mdogo anahitaji mafunzo kamili ya miaka mitatu. Wengi waliona ni kuzidisha: mtoto wa miaka mitatu, tena wa mtaa wa walalahoi, anahitaji mwalimu msomi wa nini? Si ampate dada yeyote mwenye huruma? Margaret McMillan aliona huruma bila ujuzi haitoshi. Nadhani alielewa jambo ambalo mimi nilichelewa kulielewa: tunapomwambia maskini "huyu anakutosha", mara nyingi hatujapima haja yake. Tumepima hadhi yake.

Halafu kuna habari ya Ypsilanti, mji wa jimbo la Michigan, Marekani. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Kati ya mwaka 1962 na 1967, David Weikart na wenzake walichukua watoto 123 weusi wa familia maskini, wenye miaka mitatu na minne. Waliwagawa kwa bahati nasibu. Watoto 58 wakaingia chekechea ya Perry. Watoto 65 hawakuingia. Walioingia walisoma saa mbili na nusu kila asubuhi, mwalimu mmoja kwa watoto wachache wasiozidi vidole vya mikono miwili, na kila wiki mwalimu aliwatembelea nyumbani. Kila siku mtoto alisema atafanya nini, akakifanya, kisha akaeleza alichofanya. Makundi yale mawili yalifuatiliwa mpaka umri wa miaka 40. Waliopita Perry walimaliza shule ya sekondari kwa wingi zaidi, wakapata mapato makubwa zaidi, na wakakamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wale 65.

Watetezi wa ubora huutumia mfano huu kila siku, na wana haki. Wachache, lakini vizuri, na matokeo yakadumu miongo. Lakini mimi nilijikuta nikiwafikiria wale 65. Walikuwa mitaa ileile, bila kosa lolote. Mtu alirusha shilingi, tuseme, na upande wa pili ukaja juu. Ushahidi kwamba chekechea bora hubadili maisha umetoka pia katika miili yao, katika vyeti wasivyovipata na mapingu waliyovishwa. Anayesema "afadhali ishirini na tano vizuri" lazima aweze kumtazama wa ishirini na sita usoni akisema hivyo. Mwalimu wetu, kwa heshima zote, hajui kwamba kuna karai. Sheria yake iko juu ya mlango, upande wa ndani. Mtoto yuko nje.

Hapa kwetu Pwani tuna mfano ambao haukuhitaji kuvuka bahari. Miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Pwani waliona watoto wao wanaachwa nyuma shuleni, wakaomba msaada kwa Aga Khan. Mwaka 1986 mpango wa chekechea za Madrasa ulianza Mombasa, Bi Swafiya Said, mwalimu wa hapahapa, akiwa mstari wa mbele. Zanzibar ulifika mwaka 1990, Uganda mwaka 1993. Kilichonivutia si msaada wenyewe. Misaada tumeiona mingi, mingine imebaki vibao vya kutu njiani. Kilichonivutia ni mpangilio. Kila jamii ilitakiwa kwanza iunde kamati na itoe ilicho nacho: chumba, mabenchi, nguvu. Walimu walichaguliwa kutoka miongoni mwa wanawake wa mtaa uleule, wakafunzwa, wakatembelewa darasani mara kwa mara, wakafunzwa tena. Mbinu za kina Weikart zilitumika, lakini vifaa vikawa vifuu, makombe ya pwani, vizibo vya chupa, kokwa na ukili. Hadithi na nyimbo za kwetu zikaingia darasani pamoja na dini ya wazazi. Leo chekechea zilizotokana na mpango ule katika nchi hizo tatu zimepita 200.

Watafiti walikwenda kuwapima watoto. Walilinganisha waliokwenda chekechea za Madrasa, waliokwenda chekechea nyingine, na waliobaki nyumbani. Waliokwenda chekechea yoyote walisonga mbele kuliko waliobaki nyumbani. Na wa Madrasa wakasonga zaidi. Soma hayo mara mbili. Sentensi ya kwanza inampa haki nyanya wa mahamri. Ya pili inampa haki Mwalimu. Kwa mara nyingine, wote wawili.

Basi kosa langu lilikuwa wapi? Nimelitafuta mwaka mzima, na nadhani nimelipata katika maneno matatu: "bora kuliko hakuna".

Maneno haya yanabadilika kulingana na kinywa kinachoyasema. Nyanya akiyasema, ni kweli tupu. Yeye anapima alichopata kwa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni karai la mafuta. Ana kila haki ya kushukuru. Lakini mimi mtoaji nikiyasema, nimemwibia kipimo chake nikakitumia kujisamehe. Mimi sikuwa na karai nyumbani. Wanangu walisoma nasari ya kulipia, na siku nilipokuta darasa la kifunguamimba wangu lina watoto 35 nilikwenda ofisini nikagombana na watu. Sikumwambia mwalimu wake, "Si haba, ni bora kuliko hakuna." Nilisema, "Nimelipa!" Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba watoto 35 ni wengi. Nilikijua kipimo. Niliona tu kwamba hakiwahusu wasiolipa.

Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tunaitumia kuwafariji wenye kidogo, na ni vizuri. Lakini tumeigeuza kisingizio: madhali moyo upo, kinachotolewa kisikaguliwe. Nguo zilizotoboka, vitabu vilivyochanika kurasa, midoli isiyo na macho, mwalimu asiyefunzwa, darasa lisilo na hewa. Vyote hupita kwa sababu vimetolewa kwa moyo. Na ukiuliza, unaambiwa huna shukrani. Hata mafundisho ya sadaka ambayo wengi wetu tumekulia nayo hapa Pwani yanatukataza kumtolea mwenzio kitu ambacho wewe mwenyewe ungekipokea kwa kufumba macho. Mtu mzima akipewa kitu kibovu anaweza kukirudisha au kukitupa. Mtoto wa miaka minne hawezi kwenda ofisini kugombana. Hajui hata kwamba mahali pengine wanaulizwa wangefanyaje kama wangekuwa sungura. Atakua akidhani hadithi ni kitu cha kupigiwa kelele.

Ndiyo sababu nasema wajibu wa ubora ni mkubwa zaidi pale ambapo hakuna anayelipa. Penye ada, mzazi ndiye mkaguzi. Penye hisani mkaguzi hayupo, labda mtoaji ajikague mwenyewe.

Lakini sitaki kuishia hapo, maana ningemwacha wa ishirini na sita nje ya mlango, na mimi nimeshamjua kwa jina. Kumfungia mlango kwa ajili ya ubora ni halali kwa sharti moja: kwamba ukishafunga, hujamalizana naye. Ubora unaojilinda kwa kuwasahau walio nje unageuka kuwa anasa ya wateule, hata kama wateule wenyewe ni maskini. Kwa Mwalimu, 25 ni mpaka wa darasa. Kwa kamati haikupaswa kuwa mpaka wa dhamira. Sisi tulitakiwa tuulize: wa ishirini na sita anahitaji nini, na nani atakitoa? Badala yake tulichukua haja yake tukambebesha mwanamke mmoja mwenye masikio mawili.

Tulifanya nini baadaye? Si mengi. Mwezi wa saba nilisimama kikaoni nikasema nilikosea, jambo ambalo ni gumu kuliko kuchangia mabati. Tukamwandikia yule mfadhili kwamba pesa zake tungependa zilipe mtu, zisilipe idadi. Alikataa. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu picha ya watoto wengi, na picha ya dada mmoja anayejifunza kazi haimwambii chochote. Tukachangishana wenyewe. Muhula wa tatu tukapata wasichana wawili wa mtaani waliomaliza kidato cha nne, Mwalimu anawafunza jioni. Fundi seremala akakata makabati yakawa mafupi. Darasa likagawanywa mara mbili, nusu ndani, nusu chini ya mkungu, wanapokezana. Mvua ikinyesha wote wanarundikana ndani na tunarudi palepale pa mwezi wa tano.

Wiki iliyopita nilipita tena saa ya hadithi. Ilikuwa zamu ya kundi la chini ya mkungu, na anayesimulia ni mmoja wa wale wasichana. Hajawa hodari bado. Alimsahau fisi katikati ya hadithi, watoto wakamkumbusha. Lakini alimgeukia mjukuu wa jirani yangu, akamwita jina lake, akamuuliza angekuwa sungura angefanyaje. Yule mtoto alikaa kimya muda mrefu kiasi cha kunifanya mimi nitamani kumjibia. Msichana akangoja. Mwishowe mtoto akasema, "Ningemwambia fisi, nyanya amelala." Wenzake wakacheka. Yeye mwenyewe hakucheka. Alikuwa bado anafikiria.

Orodha ya Januari inayokuja imeshaanza kuandikwa. Nimeiona mezani kwa mwenyekiti: majina 38 tayari, na mwezi haujaisha. Kikao ni Jumamosi. Sijui tutawapokea wangapi. Kabla hatujapiga kura nitamwomba kila mjumbe ataje jina la mtoto mmoja aliyeko ndani na jina la mmoja aliyeko nje. Mwalimu nimeshamwomba aje asubuhi na mapema, tupite naye kwenye pembe ya njia yetu, anywe chai na mahamri pale penye karai.